Waabaayo: Sumu ya Mshale katika Historia ya Seli za Neva

Katika somo la istilahi tulipewa kazi ya kukusanya maneno ya Kiswahili yanayohusu mfumo wa neva. Kila mwanafunzi alipangiwa sura moja ya kitabu cha fiziolojia kilichoandikwa kwa Kiingereza, akatakiwa kutafuta Kiswahili chake. Sura yangu ilieleza jinsi seli ya neva inavyojipatia umeme. Humo nilikutana mara kwa mara na jina la dawa moja, ouabain. Nikaliandika kwenye daftari kwa matamshi yetu, wabaini, na mbele yake nikaweka “asili: Kifaransa”. Mwenzangu wa darasani, ambaye kwao ni Kismayu na huzungumza Kisomali kwa upande wa mama, alipoliona daftari akacheka. “Ndugu yangu, hilo si la Wafaransa. Hilo ni waabaayo, sumu ya mshale.”

Insha hii imetokana na kicheko kile. Nitaeleza kwanza seli ya neva ni nini na seli zinazoisaidia hufanya kazi gani. Kisha nitafuata safari ya sumu hiyo kutoka misitu iliyo nyuma ya pwani yetu hadi maabara ya Ulaya, ambako ilisaidia kujibu swali ambalo wataalamu wa neva walikuwa wamelihangaikia kwa miaka mingi. Hoja yangu ni kwamba historia ya neva imewasahau wasaidizi mara mbili: kwanza ziliwekwa kando seli saidizi, na pili waliwekwa kando watu waliotoa chombo cha uchunguzi.

Seli inayovuja

Babu zetu waliita neva mshipa wa fahamu. Ni jina zuri, ila neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa: humo mna njia ya damu, mna kano, mna hata ugonjwa. Wanasayansi wa Ulaya wa karne ya 19 nao walikuwa katika utata wa aina hiyo. Waliona nyuzi nyingi zilizosongamana, lakini hawakujua uzi mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alipata njia ya kutia rangi nyeusi seli chache tu kati ya nyingi, kwa kutumia chumvi za madini ya fedha. Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania aliichukua njia hiyo akaonyesha kwamba kila seli ya neva ni kitu kamili peke yake, haikushikana na jirani yake kama jarife. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1906, huku Golgi akiendelea kushikilia kwamba ni wavu mmoja.

Seli ya neva, ambayo wataalamu huiita nyuroni, ina sehemu tatu kuu. Kuna mwili wa seli wenye kiini, kuna matawi mafupi yanayopokea taarifa yaitwayo dendraiti, na kuna uzi mmoja mrefu unaopeleka taarifa uitwao aksoni. Aksoni ya seli inayotawala misuli ya mguu wako huanzia kwenye uti wa mgongo na inaweza kufikia urefu wa karibu meta 1, ingawa wembamba wake hauonekani kwa macho.

Umeme wa seli hii hautokani na waya. Hutokana na chumvi. Ndani ya seli mna potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Nje ni kinyume chake. Taarifa inapopita, milango midogo sana katika utando wa seli hufunguka kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sodiamu huingia kwa kasi, kisha potasiamu hutoka, na badiliko hilo husafiri kwenye aksoni hadi mwisho. Jambo hili lilielezwa kwa hesabu kamili na Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza mwaka 1952. Walitumia aksoni ya ngisi, kwa sababu ngisi ana aksoni nene inayoweza kukaribia milimita 1 kwa upana, kiasi cha kuingizwa waya mwembamba ndani yake. Mvuvi wa Koyama au Chovai anayempasua ngisi kwa ajili ya chambo huupitisha kisu juu ya kitu hicho hicho.

Hapo ndipo penye tatizo. Ikiwa kila taarifa inaingiza sodiamu kidogo na kutoa potasiamu kidogo, na ikiwa utando huvuja hata seli ikiwa imetulia, basi baada ya muda pande mbili zitalingana. Umeme utakwisha, na seli itakuwa kimya.

Wasomaji waliokulia pwani watanielewa nikiutaja mtepe. Watu wa visiwa vya Bajuni na ndugu zao wa Pate walikuwa mafundi mashuhuri wa chombo hiki kisicho na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi, na kwa sababu hiyo zilivuja safari nzima. Mtepe haukuelea kwa kuwa haukuvuja. Ulielea kwa kuwa ngamani palikuwa na mtu mwenye upo aliyefua maji usiku na mchana. Seli ya neva nayo inavuja daima, kwa hiyo lazima pawe na kitu kinachofua. Swali la wanasayansi wa miaka ya 1950 lilikuwa: ni nani huyo mwenye upo, na yuko wapi?

Seli zilizoitwa gundi

Kabla ya kulijibu swali hilo, tuwatazame mabaharia wengine. Mwaka 1856 daktari Rudolf Virchow wa Ujerumani alieleza kwamba katikati ya seli za neva kuna kitu kingine kinachozishikanisha. Alikiita glia, neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya gundi. Jina hilo likaganda. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliichukulia glia kama kitu cha kujazia nafasi, kama majani makavu yanayowekwa kati ya vyungu visigongane.

Leo tunajua kwamba seli hizi si gundi. Katika ubongo na uti wa mgongo kuna aina nne kuu. Oligodendrosaiti huizungushia aksoni mafuta yaitwayo mielini, na katika neva za mikono na miguu kazi hiyo hufanywa na seli za Schwann. Bila mielini taarifa hutembea kwa mwendo wa takriban meta 1 kwa sekunde. Ikiwapo mielini inaweza kufika meta 100 kwa sekunde. Maikroglia ni walinzi: hula uchafu na vijidudu. Ependima zimepanga mstari kwenye kuta za mashimo ya ubongo yenye maji. Aina ya nne ni astrosaiti, seli zenye umbo la nyota, ambazo hulisha nyuroni na kusafisha mazingira yake.

Usafi huo unahusiana moja kwa moja na hoja yetu. Kila nyuroni inapotoa taarifa, huacha potasiamu nje, katika nafasi finyu iliyopo kati ya seli. Potasiamu hiyo ikirundikana, nyuroni za jirani huanza kutoa taarifa ovyo, kisha huzimika. Mwaka 1966 Stephen Kuffler na wenzake walionyesha, kwa kutumia neva ya jicho ya kiumbe wa majini wa jamii ya amfibia, kwamba umeme wa seli za glia hubadilika kila nyuroni za jirani zinapofanya kazi, na kwamba sababu ni potasiamu hiyo. Astrosaiti ndizo huikusanya na kuiondoa. Kwa hiyo nyuroni haifui maji peke yake. Na jirani zake wanafua.

Wenye mti

Sasa turudi kwenye waabaayo. Katika nchi kavu inayotazamana na visiwa vya Bajuni, kuanzia kusini mwa Mto Juba hadi misitu ya Lamu, wanaishi watu wajiitao Aweer, ambao majirani tumewazoea kwa jina la Waboni. Kwa karne nyingi walikuwa wawindaji na warina asali. Uhusiano wao na watu wa pwani ulikuwa wa biashara: wao walileta pembe za ndovu, asali na nta; watu wa visiwani na wa miji walitoa nguo, chuma na nafaka. Pembe hizo zilipakiwa katika bandari kama Lamu na Kismayu zikaelekea Unguja, kisha Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Hatupaswi kuipamba biashara ile. Ndovu walikwisha, na faida kubwa haikubaki msituni. Lakini bila mshale wa mwindaji mwenye upinde, pembe nyingi zisingefika bandarini.

Nguvu ya mshale huo haikuwa chuma. Ilikuwa sumu ya mti wa jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Acokanthera. Wasomali huiita waabaayo, na Wagiriama huuita mti huo mutsungu. Wawindaji wa Afrika Mashariki walijua mambo ambayo mfamasia yeyote angeyaheshimu. Walijua miti ipi ina nguvu na ipi haina. Walijua kuihifadhi sumu isiharibiwe na jua na hewa, ndiyo maana ncha za mishale zilifungwa ngozi. Na walijua kwamba sumu inayoua ikiingia kwenye damu haimdhuru mlaji wa nyama, mradi sehemu ya jeraha ikatwe na kutupwa. Leo tunaeleza jambo hilo kwa kusema kwamba wabaini hainyonywi vizuri tumboni. Maelezo ni mapya, ila ukweli wenyewe ulikuwa unatumika jikoni kila siku.

Kutoka podo hadi maabara

Wazungu wa karne ya 19 waliziogopa sumu hizi na pia walizitamani. John Kirk, daktari katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, alichukua sampuli ya sumu ya mishale ya huko, iliyotoka kwenye mmea mwingine uitwao Strophanthus. Inasimuliwa kwamba mswaki wake ulichafuliwa na sumu hiyo, na alipopiga mswaki akahisi uchungu, kisha mapigo ya moyo wake yakapungua. Kirk huyo ndiye baadaye aliyekuwa konsuli wa Uingereza Unguja, katika dola ambayo mamlaka yake yalidaiwa hadi Kismayu na Mogadishu. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu ya Strophanthus, na madaktari wakaanza kuitumia kwa wagonjwa wa moyo.

Mwaka 1888 Mfaransa Albert Arnaud alitoa taarifa mjini Paris kwamba amepata fuwele safi kutoka kwenye mti wa sumu ya mishale ya Wasomali. Katika kichwa cha taarifa yake aliandika jina la mti kama alivyolipokea, ouabaïo, na kutokana na jina hilo akaiita fuwele ile ouabaïne. Sidai kwamba mti wa Arnaud ulikatwa nyuma ya Kismayu, wala kwamba aliyeutoa alikuwa Mboni. Ninachosema ni kwamba alipokea vitu viwili kwa pamoja, mti na jina, na vyote viwili vilitoka kwa watu waliokuwa tayari wanajua mti ule unafanya nini. Jina la mti limehifadhiwa katika kila kamusi ya dawa. Jina la aliyeuonyesha halimo.

Kaa wa Denmark

Kwa miaka zaidi ya 60 wabaini ilijulikana kama dawa ya moyo tu. Mabadiliko yalianza mwaka 1953, pale Hans Schatzmann wa Uswisi alipoonyesha kwamba dawa za jamii hiyo huzuia chembe nyekundu za damu zisisukume sodiamu nje na potasiamu ndani. Yaani, humzuia yule mwenye upo. Mwaka 1955 Hodgkin na Richard Keynes walionyesha kwamba aksoni zikinyimwa nishati kwa kemikali nyingine, huacha kutoa sodiamu, ingawa huendelea kupitisha taarifa kwa muda. Mtepe bado unasafiri, lakini maji yanapanda.

Wakati huohuo mjini Aarhus, Denmark, daktari kijana aitwaye Jens Christian Skou alikuwa akichunguza dawa za ganzi. Alihitaji utando wa neva kwa wingi, akaamua kutumia neva za miguu ya kaa, ambao aliletewa na mvuvi. Ndani ya utando huo alikuta kimeng'enya kinachovunja ATP, nishati ya seli, pale tu sodiamu na potasiamu zinapokuwapo pamoja. Alichapisha matokeo yake mwaka 1957. Alishuku kwamba kina uhusiano na usukumaji wa sodiamu, lakini hakuwa na uthibitisho.

Mwaka 1958 alikutana na Robert Post, Mmarekani, katika mkutano wa wanabiokemia mjini Vienna. Post alikuwa amechunguza chembe za damu na kuona kwamba kwa kila ioni 3 za sodiamu zinazotolewa, ioni 2 za potasiamu huingizwa. Alipomsikia Skou akieleza kimeng'enya chake, aliuliza kama kinazuiwa na wabaini. Skou hakuwa anajua habari za dawa hiyo kuhusiana na pampu. Alipiga simu kwenye maabara yake Aarhus, akaomba jaribio lifanyike. Jibu lilikuwa ndiyo: wabaini ilikisimamisha kimeng'enya cha neva za kaa.

Hapo mwenye upo akapatikana. Kimeng'enya kile ndicho pampu yenyewe. Kimo katika utando wa nyuroni, kimo katika astrosaiti zinazosafisha potasiamu, kimo katika misuli ya moyo. Sasa ilieleweka pia kwa nini ndovu alianguka: sumu husimamisha pampu za moyo, chumvi ndani ya seli huvurugika, na mapigo hupotea. Ubongo una kizuizi kinachozuia sumu hiyo isiingie kwa urahisi, kwa hiyo moyo ndio hufa kwanza. Mwaka 1997 Skou alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ugunduzi huo. Hadi leo, mtafiti anayetaka kujua kama kazi fulani ya seli inategemea pampu hii, hutia wabaini na kutazama kinachosimama.

Je, mwindaji anastahili kutajwa?

Kuna atakayepinga. Atasema mwindaji hakujua sodiamu wala seli, na kwamba kumtaja pamoja na Skou ni kuchanganya uganga na sayansi. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuikwepa. Mwindaji hakugundua pampu ya neva. Lakini Skou naye, kabla ya Vienna, hakujua kwamba wabaini ingemfaa. Schatzmann alitumia dawa alizozikuta katika famasia. Famasia ilizipata kwa Arnaud, Fraser na wenzao, na hao walizipata kwa wenye mishale. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Ukiukata mnyororo huu mahali popote, jaribio la Aarhus lingebaki bila kifaa chake. Haki ya kihistoria haidai kila pete ya mnyororo isifiwe sawa. Inadai tu zisitajwe pete za upande mmoja.

Tena, kosa hili linafanana na lile la glia. Virchow aliona gundi, na kwa karibu miaka 100 wengi hawakuuliza gundi hiyo inafanya nini. Aliyezoea kumtazama nahodha hamuoni aliye ngamani.

Suala hili si la jana tu. Mwaka 1925 Jubaland ilitolewa kwa Italia, na mpaka ukapita katikati ya Wabajuni na katikati ya Waboni. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na waliobaki na upinde wakawa wahalifu msituni mwao. Mwaka 1991 vita vya Somalia viliwakimbiza Wabajuni wengi kutoka Chula, Chovai na Koyama kuja Kenya kwa mashua. Tangu mwaka 2015 msitu wa Boni upande wa Lamu umekuwa uwanja wa operesheni za kijeshi. Lugha ya Kiaweer ina wasemaji wachache, na vijana wake wengi hawakuwahi kufuatana na mzee kujifunza mti upi una nini. Maarifa yale hayakuandikwa; yalikaa kwa watu, na watu wametawanyika.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba seli ya neva haifanyi kazi peke yake, na kwamba historia ya kuijua haikufanywa na mabingwa wa Ulaya peke yao. Pampu iliyo ndani ya utando, astrosaiti iliyo kando ya nyuroni na mwindaji aliye nyuma ya pwani wote walifanya kazi ambayo haikuonekana mpaka ilipositishwa au ilipoulizwa.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, kuna kazi ndogo inayowezekana tangu sasa. Tunapounda istilahi za tiba, tusiishie kuuliza neno la Kiingereza linatamkwaje kwetu. Tuulize pia limetoka wapi, na tuwaulize wazee wa Kiaweer na wa Kibajuni walioko Lamu na Mombasa kabla hawajaondoka. Mimi nimeanza na daftari langu. Pale penye wabaini nimefuta “asili: Kifaransa”, na badala yake nimeandika: “asili: Kisomali, waabaayo; sumu ya mshale”.